Bahasha Ambayo Sikuifungua

Ofisini, Garsen
Alhamisi alasiri

Komora, mwanangu na baba yangu,

Naandika barua hii ofisini kwa sababu nyumbani ungeniuliza naandika nini, nami ningekudanganya. Mchungaji amekwenda mazishini Tarasaa, simu haijalia tangu saa nane, na mbele yangu kuna bahasha ya kaki yenye jina lako. Habari ya bahasha hiyo nitaifikia. Nikianza nayo utadhani nimekuandikia ili nikugombeze, na utaikunja barua kabla gari halijafika Malindi.

Mambo ya safari yako ya kesho ya chuoni, ya shuka, dawa ya malaria na kutomwachia mtu begi lako, nyanya yako amekwambia mara tatu. Mimi sitaongeza ya nne.

Unanijua kuwa mtu mwoga. Umenicheka tangu ulipokuwa darasa la tano kwa vile ninavyorudi kuangalia kufuli ambalo nimelifunga mwenyewe. Simu ya ofisi ikilia, kwanza nashtuka, kisha napokea. Siku moja uliniuliza, "Mathe, kwani uliua mtu?" Nikacheka na wewe. Ulikuwa umekaa pale kwenye benchi la wageni, unakula mahamri, hukujua umegusa wapi.

Ndiyo, niliua mtu. Nilimuua babu yako, yule ambaye una jina lake, na nilimuua kwenye fomu.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilikuwa nimemaliza shule na alama zangu zilikuwa nzuri, na nilitaka kusomea ualimu wa dini katika chuo cha kanisa. Babu yako alikuwa na mashamba mawili Kulesa, yote kando ya mto, na wewe unajua shamba la kando ya mto lilivyo: mwaka huu mto unakupa, mwaka ujao unachukua na mbegu. Tukaambiwa kuna wafadhili wa ng'ambo wanaosomesha vijana wa kanisa. Nikaja hapa Garsen, kwenye ofisi hii hii, kuchukua fomu. Karani wa wakati huo alikuwa mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mpole sana. Akasoma majibu yangu, akaguna.

"Baba yako ana umri gani?"

"Arobaini na tisa."

"Anaumwa?"

"Hapana. Yuko shamba."

"Basi huyo itabidi tumsaidie," akasema, akanipa fomu nyingine mpya. "Sikiliza, binti. Fomu ya mwenye wazazi wawili, wafadhili hawafiki hata ukurasa wake wa pili. Kila mtu anaandika hivi. Ukitoka chuoni utatubu, maana utakuwa umefundishwa namna."

Nikacheka. Nataka ulijue hilo, kwamba nilicheka. Nikaandika kuwa baba yangu alichukuliwa na mto wakati wa mafuriko. Sentensi moja tu. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri hata siku ile. Karani akapiga muhuri, na baada ya miezi miwili nikaitwa chuoni. Nyumbani nilisema wamenipokea kwa sababu ya alama zangu, na babu yako akachinja mbuzi.

Mwaka wangu wa pili, wakati wa likizo, wafadhili wakaja Kulesa. Hawakutuma habari. Ilikuwa gari moja, ndani yake mratibu wao, mtu wa bara, na mama mmoja mzungu mwenye nywele nyeupe ambaye ndiye aliyekuwa akinisomesha. Alikuwa ameleta blanketi. Nyanya yako akawakaribisha kwenye mkeka, mimi nikasimama mlangoni. Babu yako alikuwa ng'ambo ya mto akipanda mpunga. Alipoliona gari akavuka na mtumbwi, akaja vile vile na tope hadi magotini, anatabasamu, anafuta mikono kwenye suruali ili awape wageni mkono.

Mratibu akamwambia, "Tumekuja kuwapa pole, mzee. Huyu mama amesafiri mbali. Anataka kuiombea familia kwa ajili ya marehemu Komora, baba yake Esther."

Komora mwenyewe akabaki na mkono hewani. Akamtazama mratibu, akamtazama nyanya yako, kisha akanitazama mimi. Sijui alisoma nini usoni pangu. Hakukaa sana. Akasema, "Asanteni. Mimi ni mdogo wake."

Mama wa kizungu akauliza, na mratibu akafasiri, marehemu alikuwa mtu wa namna gani.

"Mtu wa kawaida tu," babu yako akasema. "Mkulima. Huyu msichana alikuwa anampenda sana." Akaugeukia mto. "Na kuogelea alikuwa anajua. Lakini mto ni mto."

Wakaomba kuliona kaburi. Akasema mwili haukuonekana. Basi wakashuka hadi ukingoni, mama yule akaomba kwa lugha yake huku analia, na babu yako akainamisha kichwa, kofia mkononi, akijiombea yeye mwenyewe pumziko la milele. Alisema "Amina" kabla ya watu wote.

Jioni aliniita nyuma ya nyumba. Nilidhani atanipiga, ingawa hakuwahi kunipiga.

"Nilikufa lini?" akaniuliza.

"Mwezi wa tano, baba."

"Ungeniambia. Leo ningevaa vizuri." Akatafuta ugoro mfukoni, hakuupata. "Wewe nenda ukasome. Nimeshakufa, sasa usifeli."

Hayo ndiyo maneno yote aliyowahi kuniambia juu ya jambo lile. Ila kijiji hakikuwa kama yeye. Majirani waliokuwa wamekaa kwenye ua siku ile walisikia kila neno. Kuanzia kesho yake jina lake likawa Marehemu. "Marehemu, umeamkaje?" "Marehemu, nirudishie jembe langu kabla hujazikwa." Mwanzoni alikuwa anacheka nao na kuwajibu kwamba huko alikotoka hakuna mbu. Baada ya mwaka akaacha kucheka, akawa anaitikia tu, kama mtu anavyoitikia jina lake. Wewe ulipokuwa mdogo ulisikia wazee wakimwita hivyo, ukadhani ni cheo. Ulikuwa ukijivuna kwa watoto wenzako: babu yangu ni Marehemu. Nilikuwa nakusikia nikiwa jikoni, nami sikutoka kukurekebisha.

Siku ya mahafali yangu alikuja, na koti la kuazima. Mratibu alikuwepo. Nikamtambulisha kuwa baba yangu mdogo. Kwenye picha ile iliyo sebuleni amesimama pembeni, nafasi ya watu wawili kutoka kwangu, na hukuwahi kuniuliza kwa nini. Na miaka mitatu iliyopita, alipokufa kweli, wewe ulikuwa mbele na wabeba jeneza. Mimi nilikuwa nyuma na wanawake, na mtu mmoja nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake, "Mara hii ni kweli?" Wakashindwa kujizuia, wakacheka ndani ya kanga zao. Sikuwachukia. Ule mzaha niliuleta mimi.

Sasa nije kwako.

Tulipoanza kukutafutia ufadhili nilikuwa nakushuku hata kabla hujafanya lolote, na hilo nakiri. Mfuko wa kanisa letu tuliuandikia, hawakujibu. Ofisi moja ya basari ilituambia kozi za dini hazimo kwenye orodha yao. Halafu yule wa kwenye simu: "Hongera mtumishi, umechaguliwa kusomea uchungaji ng'ambo, tuma ada ya usajili leo." Uliruka kwa furaha. Nilimpigia nikamuuliza jina la mkuu wa chuo chake, akaniambia nisimjaribu Bwana. Ulinikasirikia siku mbili, mpaka ukasikia mwimbaji mwenzako wa kwaya ametuma na namba imezimwa.

Basi ulipokuja na fomu ya tatu, ya mfuko unaosomesha watumishi kutoka makanisa ya mashambani, nilifanya kazi yangu ya uoga. Sikutumia namba iliyoandikwa kwenye fomu. Nilitafuta ya chuo kwenye kalenda yao ya zamani iliyo ukutani hapa, nikapiga. Chuo kipo. Mfuko upo. Waliomo humo ni watu wa kweli. Wakati huo sikuwa na shaka tena na mfuko, kwa hiyo shaka yangu ikahamia mahali pengine.

Unakumbuka siku ile uliyoleta fomu nipige muhuri. Ilikuwa saa kumi na nusu. Uliiweka mezani ukafunika nusu ya ukurasa kwa kiganja.

"Ni nini hapo?" nikakuuliza.

"Ni maelezo ya familia tu. Mathe, piga, cyber inafunga."

"Muhuri huu unasema maelezo ni ya kweli, Komora. Nisome."

"Kwani familia yetu huijui? Mathe, niamini bana."

Nikapiga muhuri. Mimi, ambaye sipigi muhuri barua ya mchungaji mwenyewe bila kuisoma. Nilipiga kwa sababu nilikuwa naogopa nitakachokisoma, na ukitaka kujua kosa langu katika habari hii yote, ni hilo. Kisha ukaacha nakala ya faili letu, kama utaratibu unavyotaka. Vijana wengine wote hubana nakala zao kwa pini. Wewe uliitia ndani ya bahasha, ukaifunga kwa gundi, na juu ya gundi ukabandika selotepu.

Jioni ile nilifungua lile kopo la biskuti ninamotunza karatasi zetu. Cheti cha kifo cha babu yako hakikuwemo. Nilikuuliza ukasema hujui. Siku ya tatu kilikuwa kimerudi. Mimi hukikunja mara mbili, Komora. Kilikuwa kimekunjwa mara tatu.

Najua unaweza kuwa na sababu njema. Babu ndiye aliyekulea mimi nikiwa hapa Garsen wiki nzima, na pengine fomu iliuliza mlezi wako alikuwa nani. Pengine ni hivyo. Lakini mimi ni karani na macho yangu yameharibika kwa kazi. Baba yako mzazi hakutaka kuandikishwa, anaishi Hola na watoto wake, hayo unayajua. Kwenye cheti chako cha kuzaliwa nilikupa jina la baba yangu, kwa sababu nilikuwa nimemchukulia uhai wake na nilitaka kumrudishia kitu. Wewe ni Elisha Komora. Cheti cha kifo kimeandikwa Komora. Karani yeyote akiviweka vyeti hivyo viwili pamoja atasoma baba na mwana, wala hutahitaji kuandika uongo hata mmoja. Inatosha kubana karatasi mbili kwa pini na kunyamaza.

Na kama baba amekufa, je, mama? Ninachojiuliza kila siku tangu walipokujibu, na walikujibu baada ya siku tisa tu, ni umeniandika nani. Umeniandika nimekufa pia? Au umeniandika shangazi? Namba yangu ya simu iko kwenye muhuri, lazima uliniita kitu.

Bahasha nimeitoa kabatini mara tatu wiki hii. Ufunguo ninao, kisu cha kufungulia ninacho, na gundi ya kuirudisha pia. Leo mara ya tatu niliielekeza dirishani, na kaki ni nzito, huoni kitu. Mtu angesema nimeacha kuifungua kwa kukuheshimu. Si kweli, na barua hii sitaki iwe na uongo. Nimeacha kwa sababu najijua. Nikikuta humo umeandika ukweli, utaishi ukijua mama yako alikupekua. Nikikuta uongo, sitasema. Nitaubeba. Nitafanya kama babu yako, nitafuta mikono nguoni na kusema mimi ni mdogo wake marehemu. Alinipenda alipofanya vile, na mimi sijapokea simu bila kushtuka kwa miaka ishirini. Sitaki kukupenda namna hiyo.

Kwa hiyo jana nilipiga simu chuoni tena. Alipokea dada mmoja wa ofisi ya usajili, sauti yake ya kijana.

"Naulizia kwa niaba ya mwanafunzi," nikasema. "Kama mtu amekosea jambo kwenye fomu ya ufadhili."

"Mwanafunzi gani, mama?"

"Yeyote."

Akacheka. "Wote huuliza hivyo, mama. Huyo yeyote anasajiliwa Jumatatu?"

Nikaandika neno Jumatatu. Akawa mwema, hakunibana. Akasema mwenyewe akiandika barua kabla hajasajiliwa, akaeleza kwa mkono wake kilichokosewa, kamati hukaa upya na kuliangalia ombi lake.

"Anaweza kupoteza nafasi?"

"Anaweza. Sitakuficha. Wengine wamebaki, wamepewa kazi maktaba au jikoni ili wajisaidie. Wengine wamerudi nyumbani. Lakini tukigundua sisi, mama, hapo hakuna kikao."

Nimekuandikia alivyosema, neno kwa neno, kwa sababu nilikuwa naandika huku anaongea.

Usidhani sitaki uende. Nimekusikia ukifundisha watoto wa Jumapili, na nimekusikia ulipokwenda Bura kuhubiri kwa wakulima wa skimu ya umwagiliaji, sauti yako ikitoka kwenye spika mbovu. Nilikuwa nimesimama nje karibu na pikipiki zao. Mzee mmoja aliyekuwa akiziba pancha aliacha kazi akasikiliza, na matope yakamkaukia mikononi. Nataka usome mpaka mwisho. Nataka siku moja nije kwenye mahafali yako nisimame karibu na wewe, bega kwa bega, na mtu akiuliza huyu ni nani, ujibu bila kufikiri.

Ndiyo maana bahasha sikuifungua. Usiku huu nitaitia kwenye begi lako, chini ya Biblia, pamoja na barua hii. Selotepu yako iko vile vile, itazame. Nafasi yake kwenye faili ni tupu, na mchungaji akirudi nitamwambia nimekurudishia mimi, na kwamba muhuri nilipiga bila kusoma. Hilo ni langu, usilibebe. Tangu kesho asubuhi mpaka Jumatatu una siku tatu, na wewe peke yako ndiye unayejua kilichomo.

Kama nimekushuku bure, basi nipigie simu kwa hasira zote. Nitafurahi sana kugombezwa. Nisamehe, na mweleze nyanya yako, maana naye nimemnyima usingizi.

Kama sikukushuku bure, sitakwambia ufanye nini. Nimekueleza mimi nilifanya nini na iligharimu nini, na aliyelipa hakuwa mimi. Ila jambo moja nakuambia mapema, usije ukasema sikukuonya. Watu wa ufadhili hupenda kutembelea. Siku moja gari litasimama mlangoni petu na mtu mpole atashuka na blanketi. Nitatoka. Nitampa mkono. Akiniuliza mimi ni nani kwako, sitakuangalia usoni kwanza. Nitamwambia mimi ni Esther, binti Komora, na huyu Elisha nilimzaa mimi.

Saa kumi na moja inafika, nafunga ofisi. Leo nitalifunga kufuli mara moja tu.

Mama yako, niliye hai,
Esther